Inchi Sita za Kumshinda Njuki

Jumatatu, 13 Aprili

Njuki amenipita tena! Nilikwama kwenye tope hapa Muthara, akapita na kapikapu kake akipiga honi mara mbili. Moja ingetosha. Ameoa dada ya mke wangu. Mtu wa Embu, anajisikia sana. Kikundi cha akina mama kanisani kinatafuta gari la kubeba viti na tenti zao za kukodisha. Mwenyekiti ni mama mkwe. Kazi ni yangu au ya Njuki. Nimeamua: pikapu yangu ya 1994 itainuliwa. Springi ndefu, tairi kubwa. Tope litanijua.

Jumatano, 15 Aprili

Fundi Runji amemaliza. Inchi nne za springi, mbili za tairi. Sita! Anasema nikikata kona kushoto tairi litasugua madigadi. Nikamwambia nitakata kulia. Celina, mke wangu, alilizunguka gari akauliza kama mtu anapanda na ngazi. Nikamjibu nabeba viti, sibebi watu.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimevuka tope bila kugusa breki. Watu walisimama kutazama. Nikarudi, nikavuka tena. Mama mkwe amesikia! Kesho nimpeleke kanisani kwa mkutano wa kikundi, ajionee gari mwenyewe. Kazi imeiva.

Jumamosi, 18 Aprili

Aibu. Aibu tupu.

Mama mkwe alitoka na leso mpya. Akainua mguu, ukafika nusu ya safari. Akajaribu ule mwingine, yaleyale. Na kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata kiwiko! Nikasimama mikono mgongoni nikitoa ushauri. Mama, shika mlango. Mama, moja, mbili, tatu. Akaniambia amezaa watoto saba bila kuhesabiwa. Mwishowe majirani wawili wakaja kumsukuma kutoka chini, mimi nimegeuka natazama milima ya Nyambene. Nimezaliwa hapa, lakini leo ndiyo niliitazama vizuri.

Kanisani hakuweza kushuka. Kusukumwa mbele ya wanachama alikataa kabisa. Akateremsha kioo na kuendesha mkutano kutoka dirishani, wenzake wamesimama chini wakimwangalia kama askofu. Ajenda ya kwanza: gari. Ilipigwa kura palepale. Wanachama ishirini, mikono kumi na tisa kwa Njuki. Wa ishirini alikuwa anasinzia. Mwenyekiti alipiga kura pia, akiwa ameketi kwenye kiti changu!

Walileta meza, kisha kiti, akashuka kama mtu anayetoka darini. Akaenda nyumbani na Njuki. Kwenye kapikapu kake aliingia kama anaingia sebuleni. Njuki hakupiga honi. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumapili, 19 Aprili

Sikuenda ibada. Nimelala uso ukutani. Celina amerudi, anasema mamake hana kinyongo, ila amewaambia watu mkwe wake amenunua twiga. Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji.

Jioni, watu walipoondoka, nilienda kanisani na futi ya kupimia. Nimegundua kosa! Veranda ya kanisa iko inchi tano juu ya sakafu ya gari. Runji akiniongezea tano, mama mkwe anatoka garini anakanyaga veranda bila hata kuinua mguu. Nimeshampigia fundi simu, naenda kwake asubuhi. Na pale kwa mama mkwe, pa kupandia, nitamjengea veranda.