Mkalimani wa Jikoni na Namba za Kinyume

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya wazazi wenzangu, dirishani wamejaa!

Asubuhi alikuja shuleni, huku Msambweni, bibi wa Kizungu wa kupima akili za watoto. Kiswahili chake kiliishia kwenye namba. Akatafutwa mkalimani. Nani? Mimi, mpishi wa Wazungu wa Diani (Kiingereza changu ni cha chumvi na mayai, lakini nani aliniuliza?). Nilikubali upesi, maana binti yangu Mwanasha alikuwa miongoni mwa wanaopimwa. Mwalimu wake amekwisha kusema ni mzito wa kichwa. Leo ndiyo ingejulikana kama anabaki darasani au anarudi nyumbani.

Bibi akanieleza kwa kirefu, chini ya picha ya Malkia mpya wa Uingereza. Mtoto asiposikiliza vizuri, hesabu na kumbukumbu zake nazo huonekana mbovu, kumbe akili anayo. Au labda alisema vingine. Niliitikia tu kwa kichwa.

Zamu ya Mwanasha ikafika. Bibi atataja namba, mtoto azirudishe kuanzia ya mwisho. Nikafasiri: "Mwanangu, zisikilize, kisha uziseme kinyume."

"Mbili, tano, saba," akasoma bibi.

"Limbi, nota, basa," akajibu Mwanasha bila kusita.

Bibi akaweka kalamu chini. Akasema huenda mtoto huyu hasikilizi kabisa. Nikachanganyikiwa. Kumbe mwanangu amesema kinyume kile wanachochezea watoto, mkia wa neno unatangulizwa mbele! Kosa ni langu. Nikaeleza huku jasho likinitoka. Bibi akaniambia basi nimwonyeshe mtoto inavyotakiwa.

Akasoma namba nne. Mimi macho yako dirishani, natazama kama wenzangu wananiona.

"Sita," nikaanza. Kisha? Giza. (Hata hiyo sita sijui niliitoa wapi.)

"Baba, ni nane, moja, tisa, tatu," akaninong'oneza Mwanasha, kuanzia ya mwisho kama ilivyotakiwa.

Bibi akacheka, akatoa hukumu yake kwa Kiingereza, akaniagiza niwafasirie wazazi. Nikasimama. "Asema mtoto ana akili na usikivu, abaki darasani, alhamdulillahi." Nikakaa haraka.

"Baba," akauliza Mwanasha, na wote wakasikia, "mbona yeye kasema maneno mengi kuliko hayo?"

Ikanibidi nimalizie: asiyesikiliza ni mkalimani.

Nawaomba msinicheke. Na mkikutana na mama yake Mwanasha, mwambieni mtoto kafaulu. Ya baba hayakuulizwa.