Sita kwa Sita Nyuma ya Goli

Bwana Shwari alikiona kitanda kwanza, ukuta baadaye. Kitanda kilikuwa nje ya karakana ya seremala, nyuma ya uwanja wa mpira: sita kwa sita, mbao ngumu, na kichwani maua ya kuchonga mpaka unajiuliza mtu atalalaje bila kuyamwagilia. Akakisogelea, akakipapasa, akameza mate.

Mtu mzima ameze mate mbele ya kitanda kwa nini? Subirini, haraka ya nini? Mkewe alipokwenda kumuuguza mama yake, Bwana Shwari aliuza kitanda cha ndoa, na godoro lake, na akala nyama mjini kama waziri. Mke akarudi, akakuta sakafu.

"Kiko kwa fundi," mume akasema. "Shwari kabisa."

Kitanda kikakaa kwa fundi, kikakaa, mgonjwa gani huyo haponi? Mwishowe mke akafunga virago, akaenda kwa kaka yake. "Nitarudi siku kitakaporudi," alisema mlangoni. "Mimi sikuolewa na sakafu."

Sasa, Bwana Shwari alikuwa mwongo, hilo halina ubishi. Lakini alimpenda mkewe, tena sana. Chumba kilimshinda. Alikuwa akijipikia chai, anaitazama inapoa, anaimwaga. Alikitaka kitanda kile kwa sababu alimtaka mkewe, na mfukoni hakuwa na kitu isipokuwa mikono yake miwili.

Ndipo akauona ukuta wa uwanja. Siku za mechi mji mzima ulipita kule mbele, kwenye lango kuu, ambako hata muuza maji alikuwa ananenepa. Huku nyuma ya goli palikuwa pakavu. Seremala alipiga randa peke yake, na jirani yake, Mama Sponji muuza magodoro, alisinzia juu ya bidhaa zake mwenyewe. Wote wawili waliuchukia ule ukuta kuliko walivyochukiana, na walichukiana vizuri tu.

Siku ya pili akarudi pale kikazi. Alikuwa ameazima kizibao cha reflekta, helmeti, miwani myeusi, barakoa ya vumbi na futi ya kupimia. Jamani, ukitaka kufunguliwa milango ya dunia hii, vaa reflekta na ukunje uso. Akapima ukuta, akaguna. Akapima tena, akaguna zaidi.

Seremala akaacha randa. "Habari za kazi, injinia?"

"Nzito, mzee wangu. Lango jipya la mashabiki hilo."

"Lango! Wapi?"

"Siri hiyo." Injinia akasogea karibu. "Ni hapa mbele yako, au pale kwa yule mama. Ramani inakubali kote kuwili. Itategemea mkono wangu umeamkaje."

"Na huwa unaamkaje?"

"Inategemea umelala wapi."

Seremala akatazama kitanda. Injinia naye akatazama kitanda. Kitanda hakikumtazama mtu.

"Hicho nimekichonga kwa jasho langu, injinia. Kila ua na siku yake."

"Basi shwari, mzee wangu. Ngoja nimsalimie yule mama."

"We! Rudi hapa, bwana. Nimesema nakukatalia?"

Msalaba wa chaki ukachorwa ukutani mbele ya karakana. Mwenye mkokoteni akaitwa, kitanda kikapandishwa. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo na kwenda zake. Lakini tamaa ina masikio? Kitanda bila godoro ni benchi tu, alijiambia, na mke wangu si abiria.

Mama Sponji alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni. "Baba, huo msalaba wa nini? Na hicho kitanda kinakwenda wapi?"

"Lango jipya, mama yangu. Kitanda nimenunua tu."

"Umenunua! Mimi nimezaliwa jana?" Akacheka kwa uchungu. "Yule bahili kakupa mbao tupu, ukalale kama mkate kwenye tanuri? Chukua godoro hili la bluu. Chukua na mito. Nichoree msalaba wangu, tena mkubwa kuliko wake."

Akauchora. "Sasa, mama, misalaba ni miwili na lango ni moja. Mafundi wakija, watafungua pale watakapokuta pako tayari. Ila msiguse ukuta!" Akarudi kwa seremala, akamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini zaidi.

Jioni hiyo mke akapata habari, akarudi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akajirusha kidogo, akajirusha tena.

"Kumbe kweli kilikuwa kwa fundi?"

"Fundi alikiongezea maua."

Mke akacheka mpaka akalala chali, na Bwana Shwari akageukia dirishani ili asionekane machozi yakimlenga. Alikuwa na furaha, jamani. Mwongo naye hufurahi.

Huko nyuma ya goli, neno "tayari" lilikuwa likifanya kazi. Seremala alifikiri: nikilegeza matofali mawili matatu, si ndiyo kuwa tayari? Akachukua patasi. Mama Sponji akasikia kok-kok, akaazima nyundo. Seremala akasikia nyundo, akaazima sururu. Kujua mbao si kujua ukuta, na kujua sponji ndiyo kabisa. Siku ya mechi, kelele za mashabiki zikawaficha, wakabomoa kama wanalipwa. Kipindi cha pili, kipande kilichobaki kati ya mashimo mawili kiliyumba, kikafikiri, kikalala taratibu nje bila kumgusa mtu.

Mpira ukatoka. Golikipa wa wageni akaukimbilia, akajirusha, akatua kwenye magodoro ya Mama Sponji. Akaudaka vizuri sana. Kisha akakataa kuamka. Refa alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma, huku nusu ya mtaa ikiingia bure na kutafuta viti.

Meneja wa uwanja alifika akihema, tai imekwenda begani. "Nani amewaruhusu?"

"Injinia!" wakasema wote wawili. Hiyo ndiyo siku ya kwanza waliyokubaliana.

"Sura yake ikoje?"

"Ana miwani. Na barakoa."

"Mnabomoa ukuta wangu kwa maneno ya mtu msiyeijua sura yake?"

"Alikuwa na futi, mheshimiwa," seremala akasema.

Mwenye mkokoteni, aliyeingia bure kama wengine, akanyoosha kidole. "Hata mimi simjui. Ila kitanda chake najua nilikipeleka wapi."

Wakaongozana. Bwana Shwari alikuwa chumbani na mkewe, kavaa singlendi, anakunywa chai, safari hii ya moto. Meneja akajaa mlangoni, na wengine watatu nyuma yake.

"Mwenye kitanda hiki ndiye injinia wangu," akasema. "Naomba nimfahamu."

Chai ikamwendea Bwana Shwari njia isiyo yake. Akakohoa. "Kitanda? Mimi humu sina hata kigoda, mheshimiwa. Ni cha mama huyu."

Mke akamtazama. Alikuwa ameelewa yote, kuanzia fundi mpaka maua. "Hebu rudia."

"Chako, mke wangu."

"Na godoro?"

"Godoro, mito, sufuria. Vyote vyako."

"Mimi nilikuwa kwa kaka yangu, mheshimiwa, muulizeni," mke akasema. "Nimerudi, nikakikuta. Kama ni cha huyu mzee anayekikodolea macho, akichukue."

Meneja akamgeukia seremala. "Ni chako? Maana aliyemhonga injinia ndiye atakayejenga ukuta."

Seremala akayapapasa maua, moja moja. "Sikijui," akasema. "Mimi maua yangu huwa makubwa."

"Na mimi hilo godoro silijui," Mama Sponji akadakia. "Bluu siuzi kabisa."

"Basi, kitanda ni cha mama huyu wa humu," meneja akasema kwa uchovu, "na injinia hayupo." Bwana Shwari akashusha pumzi. Shwari.

"Mheshimiwa, kabla hujaondoka," mke akasema. "Umemsikia huyu bwana? Humu hana hata kigoda."

"Nimemsikia."

"Na nyie?"

"Tumesikia!" Seremala alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Basi nisaidieni. Mwanaume asiye na chochote humu, anafanya nini chumbani kwangu na singlendi?"

Bwana Shwari akamtazama meneja.

"Bwana," meneja akamuuliza, "una kitanda humu, au huna?"

Akamtazama mkewe, akatazama maua, akamtazama mkewe tena.

"Sina," akasema.

"Twende, basi."

Wakatoka, mlango ukafungwa, komeo likaingia. Wakabaki wamesimama uani wote watano. Kule ndani wakasikia chaga zikilia, mtu mmoja akijinyoosha, sita kwa sita.