Fosfeti Niliyombandika Karani

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa mkuu wa idara atamtaja msimamizi wa maabara. Tumebaki wawili: mimi, miaka thelathini na mmoja nikifundisha baiolojia, na Miwani, niliyemfundisha mwenyewe kushika pipeti. Huitwa Miwani kwa kuwa huivaa kichwani, kisha huitafuta mezani. Huyo ndiye mpinzani wangu. Aibu tupu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefundisha jinsi seli za mamalia zinavyopeleka habari. Homoni hugusa kipokezi kwenye utando wa seli. Ndani, kimeng'enya kiitwacho kinasi hukibandika kingine fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, nacho huamka na kuamsha vingine. Kimoja huamsha mia. Wanafunzi walipiga miayo. Mimi nikapata wazo.
Nikamnong'oneza karani, ambaye siri humwasha ulimi, kwamba Miwani anachukuliwa na chuo kingine. Nani ampe maabara mtu anayeondoka?

Jumatano, 5 Machi
Kabla ya chai, karani alikuwa amewaambia watatu. Kufikia adhuhuri hata mfagiaji alikuwa na habari. Kazi safi.
Miwani alinisimamisha ngazini. Shikamoo, Mwalimu, mbona mchoro wako wa jana ubaoni hauna fosfatasi, inayobandua fosfeti na kuzima habari? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo madogo. Maskini, hajui kinachomjia.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu ameingiwa na hofu ya kumpoteza Miwani. Amempa maabara leo, pamoja na ofisi yenye dirisha, ili asiondoke. Miwani alisema hakuwa na safari yoyote, ila anashukuru.
Mke wangu alicheka hadi akaweka mwiko chini. Eti, baba watoto, umempigia mwenzako kampeni. Nikamkumbusha kwamba yeye si mwanabaiolojia. Mbinu ni sahihi. Nililenga mtu asiye sahihi. Nimempigia simu karani, nikamwambia kwamba anayechukuliwa ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu habari zilimfikia mkuu. Saa sita akaniletea kadi yenye sahihi za idara nzima, akanikumbatia, akasema hatathubutu kunizuia. Bawabu alisimama nyuma yake akisubiri funguo zangu. Nikasema ni uvumi. Mkuu akasifu unyenyekevu wangu.
Miwani alijitolea kupita mlango kwa mlango kukanusha. Nikamkataza. Sihitaji fosfatasi, hasa yenye miwani kichwani.
Kosa ni la karani, hana kipimo. Jumatatu nitaanzia kwa bawabu. Nitamwambia kwamba anayeondoka ni mkuu.