Ombi la Kuandikishwa Fahali Namba Nane

Kwako Bwana Mkubwa wa Wilaya,
Mwenye makazi mapya yote, vigingi vyake vyote, na fahali wake.

Salamu zangu nakuletea kwa mikono miwili, kofia nimeiweka chini. Mimi ni yule mzee wa kiwanja namba thelathini na moja, ambaye siku ya kugawiwa mashamba nilikuuliza kama mawe nayo ni ya serikali au ni yangu. Ukacheka, halafu ukaniandikia kuwa ni yangu. Nashukuru. Bado ninayo yote.

Shule nilisoma mpaka darasa la tatu. La nne nililiona kupitia dirishani nikipita na mbuzi. Kwa hiyo nikikosea herufi nisamehe, maana jambo lenyewe ni zito. Linamhusu fahali wa serikali, Namba Saba, uliyenikabidhi mwaka jana nimtunze kwa niaba ya wakulima wote wa hapa, ili ng'ombe wetu wadogo wazae ndama wakubwa. Sina ugomvi naye binafsi. Ni mpole, halewi, hasengenyi mtu. Shida ni kwamba kati yetu wawili, yeye ndiye mkazi na mimi ndimi mfugo. Nitaeleza kwa namba, kama karani wako anavyopenda.

La kwanza ni bati. Lori lilikuja na bati ishirini na nne. Mke wangu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, akafukuza kuku waliokuwa ndani, akasema nyumba ya bati hailali kuku. Bwana Shamba akashuka, akafungua karatasi, akasoma: bati zote ni za banda la fahali. Vigelegele havirudishwi mdomoni, basi tukabaki tumesimama tu na kuku wetu. Sasa Namba Saba analala juu ya saruji, chini ya bati, na mimi nalala chini ya nyasi zilizooza. Mvua ikinyesha tunapanga sufuria: moja kichwani mwa kitanda, moja miguuni, na bakuli nalishikilia mwenyewe kifuani. Mvua ya tatu mke wangu alikunja mkeka, akachukua blanketi na taa, akahamia kwa fahali. Amesema atarudi siku paa langu litakapoacha kumtemea mate. Leo ni wiki ya tano. Kila asubuhi nakwenda kubisha hodi bandani kumsalimia mke wangu wa miaka arobaini, na anayeitika kwanza ni fahali.

Hebu fikiria, Bwana Mkubwa. Jirani yangu wa namba thelathini, yule tunayemwita Kigingi kwa sababu vigingi vya mpaka wake vina miguu na kila mwezi vinasogea upande wangu, akiniona barabarani anapaza sauti watu wote wasikie: "Mzee, mume mwenzio hajambo?" Nami namjibu hajambo, maana kweli hajambo.

La pili ni matibabu. Fahali alikohoa mara moja tu, tena nadhani alipaliwa. Kabla hata sijamaliza kusema pole, daktari wa mifugo alishafika na pikipiki. Mimi nilikuwa nakohoa wiki ya pili. Nikamwambia, mwanangu, ukimaliza na huyo, nisikilize na mimi kifua. Akasema kwa adabu kabisa kwamba kibali chake ni cha wenye miguu minne. Basi nikapiga magoti, nikaweka na mikono chini. Akanitazama sana, akasema haya, akatoa kipima joto. Nilipoona ananizunguka kwa nyuma, kikohozi kilipona papo hapo na hakijarudi mpaka leo.

La tatu ni kazi. Mimi na mke wangu tunachimba matuta ili maji yasichukue udongo. Bwana Shamba ana fimbo yake ya kupimia. Tuta likipungua vidole vinne, tunarudia lote. Namba Saba ana kazi moja. Unaijua, sitaitaja, huenda Bibi Mkubwa akasomewa barua hii. Anaifanya kwa muda wa mtu kufunga kamba za kiatu, tena kiatu kimoja, halafu inaandikwa kitabuni na inatoka amri apumzike siku tatu. Mimi nina watoto tisa. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa kitabuni kuwa ni kazi, wala sikupumzishwa. Kesho yake nilikuwa shambani na jembe. (Mke wangu, nilipomsomea hapa kupitia dirisha la banda, amesema aliyekuwa shambani kesho yake ni yeye. Tusigombane mbele ya serikali. Mmoja wetu alikuwepo.)

La nne lilikuhusu wewe. Jana nilimpelekea karani wako barua hii anisahihishie herufi, akalisoma hilo la nne, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema nilifute. Nimelifuta.

La tano ni ukoo. Fahali ana cheti chenye mhuri. Humo yumo baba yake, yumo babu yake, yumo hata mama wa babu yake na kiasi cha maziwa aliyotoa. Babu yangu mimi yumo kwenye karatasi moja tu ya serikali, na humo ameandikwa "mzee aliyekataa kusogea". Nikafunua daftari la makazi, ukurasa wa kiwanja changu. Mstari wa kwanza: mkazi mmoja, wa muda, kwa majaribio ya miaka mitatu. Mstari wa pili: fahali mmoja, wa kudumu.

La sita ni picha. Wageni wako walipokuja kutazama maendeleo, niliambiwa nishike kamba na nisimame nyuma ya fahali nisiharibu mandhari. Picha ipo ofisini kwako ukutani. Fahali yupo mzima, mke wangu yupo pembeni yake anatabasamu kama bibi harusi, na mimi ni vile vidole vinne vilivyoshika kamba.

La saba ni chumvi. Analetewa jiwe zima la kulamba. Nakiri niliwahi kulionja. Si baya. Na hapo ndipo nilipopata wazo.

Kwa hiyo, kwa heshima zote na akili zangu timamu, naomba nifutwe kwenye daftari la wakazi na niandikwe kwenye daftari la mifugo, Fahali Namba Nane. Nyumba yangu itakuwa Banda la Pili, na kwa sheria yenu wenyewe banda la fahali haliezekwi nyasi. Bati zikipanda juu, mke wangu anarudi chini. Sitaki kingine.

Masharti nayakubali. Hereni ya namba sikioni nitavaa. Kwenye josho nitaogelea, ila nionywe mapema nivue shati. Pete ya puani tuzungumze. Pembe sina, lakini kipara changu ni kigumu, Kigingi anaweza kushuhudia. Kuhusu ile kazi ya kitabuni, ng'ombe wa majirani aendelee nao Namba Saba. Mimi mke wangu mmoja ananitosha, ili mradi arudi.

Nisalimie Bibi Mkubwa, mpishi wako, dereva wa lori la bati, na yule mbwa wako asiyeipenda kofia yangu. Mke wangu anakusalimu kutoka bandani. Fahali naye ametikisa mkia, naamini ni salamu.

Ni mimi, mwenye kukunyenyekea kwa miguu yote minne,
Mzee wa kiwanja namba thelathini na moja.

Nyongeza ya haraka sana. Bwana Mkubwa, barua hii ichane. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba ndipo daktari wa mifugo akaingia uani na koleo kubwa mno la kubania. Anasema imetoka amri mpya: ndama bora sasa watatoka kwenye chupa ya mbegu, kwa hiyo mafahali wote wa makazi wahasiwe. Nikampa pole Namba Saba. Daktari akatazama karatasi yake akasema hapa ameandikiwa mafahali wawili. Karani wako, Mungu amsamehe, alishaniingiza daftarini jana ile ile, kwa wino.

Nilikimbilia ndani nikafunga mlango. Mke wangu ndiye aliyeniokoa. Alitoka bandani na mchi mkononi, akasimama mlangoni kwangu, akamwambia daktari: "Huyu ni mtu. Namjua. Ng'ombe hawi mvivu hivi." Halafu, badala ya kumfukuza, akamwomba asubiri kidogo, akaniuliza kwa tundu la ufunguo kuhusu zile nyasi mpya za kuezekea alizozikata yeye mwenyewe mwaka jana, zikakaa nyuma ya nyumba zinanisubiri. Hilo la nyasi sikulitaja huko juu kwa sababu halikuwa na namba.

Amerudisha mkeka wake ndani na anapika. Sharti ni paa liishe kabla chakula hakijaiva. Mwandiko ukiyumba, nisamehe, naandika nikiwa juu ya ngazi. Daktari ananishikilia ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wake wa pili sithubutu kuutazama.

Mimi ni mtu. Tafadhali iandike hiyo kwa wino.