Kunyang'anywa Ugonjwa wa Moyo Bila Ilani

Kwa Daktari Kanana,
Kliniki ya Moyo, Nyeri.

Mheshimiwa Daktari,

Pole kwa kazi ya kusikiliza vifua vya watu kutwa nzima. Mimi ni Hezekiah Wamae, mkulima wa chai wa huku Kangema, yule mzee wa koti la kijani aliyekataa kushuka kitandani mwako Jumanne iliyopita. Nakuandikia kwa heshima na kwa masikitiko, kwa sababu ulinitangaza mzima bila kuniuliza kama niko tayari.

Nianze mwanzo ili tusikosane. Nilikwenda zahanati ya hapa kwa sababu ya kikohozi. Kijana anayetibu pale, Ken, aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza, kisha akasikiliza tena. Mke wangu Kagure alikuwa ameketi kando yangu. "Mzee," Ken akasema, "moyo yako iko na sauti ingine juu ya ile ya kawaida. Ni kama mnong'ono."

Daktari, nilipofika nyumbani nilisimama nikaitazama chai yangu, nikajiuliza itachunwa na nani nikishazikwa. Nililia. Ng'ombe aliniona na sikujali.

Kisha mambo yakaanza kuwa mazuri, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Kuhusu chakula. Tangu tuoane, Kagure hunipakulia akaenda zake. Nilipopata mnong'ono alianza kunikaangia ini, akavuta kiti, akakaa nami mpaka nimalize. Tulizungumza. Niligundua kwamba mke wangu ana maoni makali sana kuhusu bei ya mbolea, na kwamba anaweza kumwigiza chifu mpaka mtu akohoe uji. Jioni ile tuliyotoka kwako nilikaa mezani nikangoja ini. Alinionyesha kwa kidole mahali sufuria ilipo.

2. Kuhusu heshima. Kanisani nilipewa kiti chenye mto, pale mbele, na nikaombewa kwanza, kabla ya kuomba mvua. Nilikuwa nimeanza kutembea nikishika ukuta, si kwa uongo, kwa tahadhari tu. Jumapili iliyopita nilikuta mto wangu umekaliwa na mtu wa mawe ya nyongo. Daktari, nyongo! Moyo umeshindwa na nyongo mbele ya madhabahu.

3. Kuhusu ndugu yangu Gikonyo, na hili ndilo linaloniuma. Boma lake limepakana na langu, lakini tangu tumzike mama hatukuwa tumesalimiana. Tuligombana juu ya nani angesoma wasifu wake, na mwishowe ukasomwa na jirani, vibaya. Aliposikia kuhusu moyo wangu alikuja na kuku kwapani, akasimama mlangoni, akasema, "Wamae, tulikuwa tunakasirikiana nini hasa?" Sote wawili tukamla yule kuku tukilia, na ile pilipili ikasaidia kuficha. Akawa anakuja kila jioni. Sasa haji. Naona moshi wa jiko lake na sina sababu ya kumwita, kwa maana siumwi.

4. Kuhusu maelezo yako. Ulisema, "Mzee Wamae, ni damu tu inapita kwa nguvu, kama maji ya mfereji. Ukisikia maji ikilia, si ati mfereji imepasuka." Ukaongeza kwamba watu wengi wenye moyo mzima wana sauti hiyo. Wengi? Nilidhani ni yangu. Tena, sauti bila ugonjwa ni kitu gani? Huku kwetu anayepiga kelele bila sababu tunamwita mheshimiwa, na huyo hupewa gari na askari wa kumfungulia mlango. Mimi nimerudishiwa panga nikakate nyasi za ng'ombe.

Kwa hivyo naomba unirudishie ugonjwa wangu. Sitaki mkubwa. Nipe mdogo, wa kudumu, usiouma, usiokataza nyama. Ikiwa sheria inakuzuia, basi kaunti ianzishe cheo cha Mgonjwa Mwenye Afya, chenye haki zote za kuombewa na kukaangiwa ini, nami niwe wa kwanza kuapishwa. Na hilo likishindikana, nitawaleta Kagure na Gikonyo uwapime wao. Mioyo yao ilikuwa na huruma tele kisha ikakauka ghafla, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari, si mnong'ono.

Nisalimie muuguzi aliyenifunga vifungo vya shati, askari wa lango, na jamaa zako wote kule kwenu Meru.

Wako, mzima kwa kulazimishwa,
Hezekiah Wamae

Baada ya sahihi: Nimempa Kagure aisome barua hii, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuandika maneno sawasawa. Amecheka mpaka akashika meza. Anasema Ken siku ile aliendelea kuongea, akaeleza kwamba sauti kama hiyo mara nyingi si ugonjwa, na kwamba ananituma Nyeri kuhakikisha tu. Mimi, anasema, nilikuwa nikitazama dari. Alijua tangu mwanzo, na akamwambia Gikonyo siku hiyo hiyo.

Nikamuuliza, ini basi lilikuwa la nini?

"Baba Nyawira, ulikuwa umeogopa," akasema. "Na ukiogopa huwa unakaa chini, unasikiza mtu."

Gikonyo naye alikuwa akitafuta njia ya kuingia kwetu bila aibu. Aliacha kuja siku nilipomwamuru aniletee soksi.

Nimetoka uani nikamwita kwa sauti kubwa, bila sababu yoyote. Ameitikia, anakuja. Nimemwomba Kagure aweke sikio kifuani mwangu, walau yeye ausikie huo mnong'ono. Ametega kwa muda mrefu, kichwa chake kizito hapa.

"Nasikia tumbo tu," amesema, na hajakiondoa.

Naomba barua hii usiisome.