Kompyuta Isipone Upesi

Jumatatu, 4 Machi. Asubuhi manyunyu, kisha jua la kubembeleza.
Mdogo wangu amekuja na kompyuta yake ndogo, kaifunga shuka kama kichanga. Ukibonyeza kitufe feni inanguruma, skrini nyeusi tii. Ndani mna mtihani aliowatungia wanafunzi wake, unatakiwa shuleni Ijumaa. Akasema mimi ndiye niliyesomea kompyuta, na ikipona tu anaondoka. Hapo ndipo alipokosea. Tangu niolewe hajalala kwangu hata usiku mmoja. Nikamwambia ugonjwa ni mzito.

Jumanne, 5 Machi. Mawingu.
Nimefungua kifuniko cha chini, polepole. Kila skrubu juu ya karatasi, kila moja na duara lake. Mume wangu akapita akauliza kama tunatengeneza kompyuta au tunaosha maiti. Mdogo wangu kacheka mpaka kajishika mbavu. Jioni kanisuka, tukamsengenya shangazi kwa mapenzi. Kila akiutaja mtihani namwambia haraka haraka haina baraka.

Jumatano, 6 Machi. Jua kali.
Mwalimu mkuu kampigia simu. Mdogo wangu hakumaliza chai. Akasema kesho anaipeleka kwa fundi wa mjini. Fundi, na mimi nipo! Alipoingia kuoga nikachomoa kijiti cha kumbukumbu, ambacho bila hicho kompyuta haiwaki, nikifiche, niseme tunasubiri kipuri. Mtihani ungeandikwa upya kwa mkono, hapa hapa kwangu, mimi nikimsomea vitabu. Lakini meno ya kile kijiti, yale ya shaba yanayoshika ndani ya kompyuta, yalikuwa na ukoko wa vumbi. Siwezi kuficha kitu kichafu, mama hakutulea hivyo. Nikayasugua kwa kifutio cha penseli mpaka yakang'aa. Nikakirudisha kidogo tu, nione kama kinakaa sawa. Kikakaa. Mdogo wangu akatoka bafuni, akabonyeza kitufe, ikawaka. Akanirukia shingoni akiniita daktari. Nimepokea sifa kwa uso wa mfiwa.

Alhamisi, 7 Machi. Upepo.
Nimemsindikiza kituoni. Akiwa mlangoni mwa basi akanigeukia: "Dada, si ungeniambia tu nibaki? Ningebaki." Akaahidi kuja likizo, wiki nzima, bila ugonjwa wowote.
Maneno matamu. Ila ahadi peke yake haimshiki mtu. Nimemwambia printa yake nayo ina dalili mbaya, aje nayo niipime. Hiyo printa sijawahi kuiona.
Nalala, saa tano kasorobo.