Sura Iliyofunika Skrubu

Wakazi wote wa Barangay Bagong Sinag wanatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kompyuta ya ofisi haijaharibika. Imesitisha kuwaka kwa muda, kwa masilahi ya umma. Uvumi wowote ulio kinyume na huu ni wa wapinzani.

Tangazo hilo alilibandika Crisanta Magpantay, katibu wa barangay, yaani serikali ya mtaa kwa Wafilipino. Ndani ya kompyuta ile alikuwamo marehemu baba yake. Simu yake ilipojaa, alihamishia humo video ya mzee akiimba karaoke katika sherehe yake ya mwisho ya kuzaliwa, na nakala nyingine hakuweka, maana nani anaweka nakala ya kitu kilicho mikononi mwa serikali? Jumamosi mwaka ulikuwa unatimia na matanga yanaanuliwa. Ndugu walikuwa njiani, wengine kutoka Dubai, na wote walikwishaahidiwa kumwona mzee akiimba.

Pidyong, fundi wa sokoni, aliitwa. Akabonyeza, akatega sikio, akanusa.

"Ate Santa, dada yangu, kilichoungua ni kifaa cha kuingizia umeme tu. Diski haina neno. Nifungue hapa ubavuni, niichomoe, niiunge kwenye laptop yangu. Baba yako utamwona wali haujaiva."

"Basi fungua, unangoja nini?"

"Nifungue wapi, dada? Skrubu ziko chini ya pua ya Kapitan."

Hapo ndipo suala lilipopata uzito wake. Katika barangay hii, kama ilivyo popote penye maendeleo, kila kitu cha umma hubandikwa sura ya kiongozi aliyekileta. Ambulensi ina sura, vibanda vya kungojea basi za jeepney vina sura, mapipa ya taka nayo yana sura. Stika ya Kapitan Teofisto Malabanan, mkuu wa barangay, ilizunguka sanduku zima la kompyuta, tabasamu likianzia ubavu huu na kuishia ule. Kulifungua sanduku ni kuipasua sura, na kuipasua sura, kwa azimio alilopitisha Kapitan mwenyewe, ni kuhujumu mali ya umma.

Crisanta akaingia ofisini kwa Kapitan.

"Kap, naomba tukate kidogo tu. Hapa penye shavu."

Kapitan akaweka kikombe chini. "Santa, mwanangu. Shavu la nani?"

"Lako, Kap."

"La wananchi," akamsahihisha kwa upole. "Mimi nimelibeba tu."

Ikaundwa Kamati ya Muda ya Uhifadhi wa Sura. Kamati ikala tambi za pansit, ikajadili. Diwani mmoja akatoa hoja kwamba kompyuta iwashwe kwanza, halafu ndipo liandikwe ombi la kuifungua, kwa kuwa fomu za maombi zimo ndani yake. Hoja ikaungwa mkono na wote. Crisanta alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao, na uvumilivu ukamwishia.

"Waheshimiwa, baba yangu yumo humo! Keshokutwa ndugu wanafika. Niwaambie nini? Mzee kazuiliwa na shavu?"

Kapitan ni mtu wa huruma, hasa panapokuwa na umati. Akaamua kwamba sura isikatwe. Ivuliwe polepole, hadharani, kwa heshima zote, kisha irudishwe mahali pake. Ijumaa asubuhi watu wakajaa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Kulikuwa na spika kubwa, maua, na kikausha nywele cha mke wa diwani.

"Ndugu wananchi," Kapitan alinguruma, "leo kiongozi wenu anajitoa mhanga!"

Pidyong akapuliza hewa ya moto. Paji la uso likaachia, likafuata jicho, ikafuata pua. Chini ya pua ya Kapitan palikuwa na pua nyingine, nyembamba, imevaa miwani. Chini yake pameandikwa: Zawadi ya Kapitana Procesa. Huyo ndiye mkuu wa zamani aliyeshindwa na Kapitan katika uchaguzi uliopita, na alikuwa ameketi safu ya mbele akijipepea.

"Yesu na Maria!" Procesa akasimama. "Si mwanangu huyu, kompyuta yangu? Nilimleta mimi, mwaka ule wa kimbunga!"

"Kap, si ulisema ni mpya?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Tulikuja hadi kukata utepe!"

"Ni mpya kiutawala," akajibu Kapitan.

"Na ile mpya iliyonunuliwa kwa pesa zetu iko wapi?"

Kapitan akampa Crisanta kipaza sauti. "Katibu atatoa maelezo."

Crisanta alikuwa ametoa maelezo maisha yake yote ya kazi, na siku hiyo alikuwa ameyachoka. Akamgeukia yule mama.

"Kapitana, sura ni yako. Naomba ruhusa nikukate shavu."

"Kata, mwanangu! Baba yako alimsimamia binti yangu ubatizo. Kata hata pua ukitaka."

Pidyong akakata. Diski ikatoka, ikaungwa kwenye laptop, na laptop kwenye spika za hotuba. Mzee Magpantay akatokea, vifungo wazi, akiimba wimbo wa mapenzi vibaya kupita kiasi. Crisanta alilia kwa sauti wala hakuona haya. Uwanja mzima ukaimba na marehemu, na hotuba ya kufunga haikusikika.

Jumatatu, bila tangazo lolote, kompyuta mpya ikaletwa ofisini imefunikwa blanketi. Ilikuwa nzuri sana. Ila ubavuni ilikuwa na kisanduku chenye tundu la kutumbukizia sarafu za peso, kama zilivyo kompyuta zote za kuchezea michezo katika duka la mke wa Kapitan, na nyuma yake walikuja watoto wawili wakilalamika kwamba dakika zao hazijaisha.

Crisanta akaipangusa vumbi. Akavuta droo, akatoa stika mpya, kubwa, yenye tabasamu lote.

"Kap, sura tuibandike wapi?"

Kapitan akatazama lile tundu. Akawatazama watoto. Akautazama mlango.

"Santa," akanong'ona, "hii tuiache hivyo hivyo."